Miguu ya Mkombozi

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa yao, Bi Pasi na mumewe waligombania kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilisimama hadharani katikati ya mji mkuu, kirefu kuliko nyumba yao. Mengine yote, ya jikoni, ya watoto, ya mawifi, waliyamaliza kabla chai haijapoa. Lakini likizuka suala la miguu ya Mkombozi, majirani walifunga madirisha, si kwa adabu bali kwa kuwa yote walikwisha kuyasikia.

Sanamu ya Mkombozi ilisimamishwa miaka thelathini iliyopita. Picha pekee ya shujaa huyo iliyosalia ilimwonyesha amevaa buti. Kamati ya sanamu ikaona buti zinanuka serikali. Mkombozi wa wanyonge hana budi kwenda pekupeku kama wanyonge wenyewe. Hakuna mjumbe aliyejua miguu ya marehemu ilikuwaje, na mjane wake, alipoulizwa, alijibu kwamba mume wake alikuwa akilala na soksi. Mchongaji, aliyekuwa na karakana nyuma ya stesheni, akaambiwa atafute miguu popote atakapoipata, mradi iwe ya kizalendo.

Aliipata palepale karakanani. Bi Pasi, ambaye siku hizo hakuwa bado Bi Pasi bali binti wa kufagia, alipandishwa juu ya meza siku nne mfululizo, gauni limekunjwa hadi magotini, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, huku mchongaji akifinyanga udongo na kumfokea kila alipojikuna. Siku ya tano akashikwa na homa, akalala kwao. Siku hiyo alipandishwa mezani mkoroga plasta, mwanamume mwenye mabega na maneno mengi, aliyeitwa Plasta mpaka siku ya kufa kwake. Ya sita, mchongaji aliwafukuza wote, akafunga mlango, akamaliza kazi peke yake. Sanamu ilipelekwa kumiminwa shaba mji mwingine, ikarudi imeviringishwa turubai, ikapandishwa juu ya jiwe lenye kimo cha mtu na nusu. Mchongaji naye akahama nchi, na habari zake zikaishia hapo.

Basi ugomvi ukazaliwa. Bi Pasi alishikilia kwamba miguu ile ni yake, na kwamba Plasta alipandishwa mezani ili mchongaji apumzishe macho. Plasta hakukana kwamba binti alisimama siku nne. Alichosema ni kwamba udongo wake ulibomolewa wote, ukafinyangwa upya kwa miguu ya kiume. Walioana mwaka uliofuata, kila mmoja akitumaini kwamba mwenzake angeacha uongo akishapata watoto.

Watoto walipatikana, uongo haukuachwa. Bi Pasi akaajiriwa hotelini, katika chumba cha kufulia kilichokuwa chini ya ardhi, na huko ndiko alikopatia jina lake. Alinyoosha mashuka, mito na vitambaa vya meza kwa pasi nzito ya umeme, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa, amesimama juu ya gunia lililokunjwa mara nne ili sakafu isimle magoti. Shuka lake lilikunjwa kiasi kwamba ungeweza kulipanga juu ya jingine kama matofali. Wenzake walimheshimu kwa jambo hilo. Kwa jambo la miguu walimwonea huruma. Akipita na wenzake karibu na Mkombozi, alikuwa akisema, “Hiyo miguu mnayoiona ni yangu,” nao wakaitikia, “Ndiyo, dada,” kwa sauti ile anayoitikiwa mgonjwa.

Plasta alifariki miaka mitatu iliyopita, lakini dai lake halikuzikwa naye. Mwana wao wa kwanza, karani wa mahakama, alilirithi pamoja na koti la babake. Na mwaka huu, sanamu ilipotimiza miaka thelathini, makumbusho yakatuma barua: mtafiti angefika kwa Bi Pasi Jumatatu, na kinasa sauti, kupokea kumbukumbu za wafanyakazi wa karakana ile, na jina la aliyetoa miguu lingewekwa katika hifadhi ya taifa.

Karani aliisoma barua mara mbili, akaikunja.

“Mama, ukisema ni yako, mimi nitasimama palepale niseme si kweli.”

“Utanikana mbele ya mgeni?”

“Sikukani. Namtetea mtu asiyeweza kujitetea.”

Akaondoka bila kula, jambo ambalo halikupata kutokea tangu aote meno.

Bi Pasi akabeba uchungu wake hadi kibandani kwa Fundi Viatu, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akamkuta amekaa na Mkunga, shoga yake wa siku zote, ambaye alistaafu uzalishaji lakini hakustaafu ulimi. Akawaeleza yote. Fundi Viatu akasikiliza huku amebana misumari midogo midomoni, kisha akaitema mmojammoja kwenye kopo.

“Shemeji,” akasema, “hivi miaka yote hii nyinyi wawili mmepigiana kelele tu? Hakuna aliyekwenda kuangalia?”

“Niangalie vipi? Kuna minyororo, kuna maua ya miiba, na jiwe lenyewe refu. Nikiwa nje ya minyororo naona shaba nyeusi tu na kinyesi cha ndege.”

Fundi akainuka, akashusha gunia lililoning'inia kwenye boriti. Mtu huyu hakuwahi kutupa mguu wa mteja. Kila aliyemshonea alimsimamisha juu ya kipande cha boksi, akauchora mguu kwa kalamu, akakata, akaandika jina, akatia gunia. Akachakura, akatoa maboksi mawili yaliyofungwa pamoja kwa uzi.

“Viatu vya harusi,” akasema. “Vyako na vya marehemu. Mwaka mmoja tu baada ya sanamu. Hii ndiyo miguu yenyewe, kabla wewe hujaibonyeza kwa kusimamia pasi na yeye hajaiharibu kwa saruji. Tunapanda pale, tunaweka boksi juu ya shaba, maneno yanaisha.”

“Mchana watatukamata,” akasema Bi Pasi.

“Nani kataja mchana?” akauliza Mkunga. “Mimi watoto wote niliowapokea wenye akili walitoka usiku.”

Jumamosi, saa nne usiku, watatu hao wakaingia katikati ya mji kwa miguu. Fundi alibeba begani ngazi fupi aliyoiazima kwa mpaka rangi, Mkunga alishika tochi, na Bi Pasi alikumbatia maboksi kifuani kama cheti cha mirathi. Ilikuwa ajabu kwake kwamba mji aliouishi maisha yake yote hakupata kuutembelea. Mchana aliupita tu, macho chini, akiwahi kazini au akichelewa nyumbani. Sasa barabara zilikuwa tupu, taa zikimwaga mwanga juu ya watu wa mawe na wa shaba, nao wakaonekana kama jamaa waliosahauliwa karamuni.

Walianza na Mnara wa Saa, wenye nyuso nne na saa nne tofauti. Fundi akaegemeza ngazi apumue.

“Upande huu ni saa mbili. Ule saa tisa na robo. Sasa tumechelewa au tumewahi?”

“Inategemea unadaiwa maelezo na nani,” akasema Mkunga. “Mume wangu alikuwa akirudi kwa upande ule wa kaskazini.”

Wakapita Lango la Ushindi, ambalo barabara yake ilihamishwa zamani, likabaki mlango usio na nyumba katikati ya majani. Bi Pasi akasisitiza wapite ndani yake badala ya kulizunguka, kwa kuwa mtu mzima hapewi mlango akapita pembeni. Walipotokea upande wa pili Mkunga akauliza ni ushindi juu ya nani. Kibao kilikuwa kimefutika. Fundi akasema huenda walioshindwa ndio waliokifuta, na hapo yeye angewapa pointi.

Mbele ya wizara wakamkuta Jenerali juu ya farasi. Mkunga alimmulika Jenerali kidogo tu, kisha akashusha tochi kwenye tumbo la farasi, akatulia, akalizunguka taratibu, akainama chini yake.

“Huyu ni jike,” akatangaza. “Na ana mimba.”

“Acha dhihaka.”

“Kazi yangu siifanyii dhihaka. Miezi minane hii, na mtoto kakaa vibaya. Halafu likubwa zima limempanda mgongoni na upanga! Huyu siyo wa kuwekewa maua, huyu ni wa kushtakiwa.”

Bi Pasi alicheka hadi akalazimika kukaa kwenye ngazi za wizara. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka hivyo tangu karani aache chakula. Kisha akakumbuka alichokibeba, akasimama.

“Twendeni. Wangu anangoja.”

Mkombozi alisimama uwanjani peke yake, mkono wa kuume umenyooshwa kuelekea siku za usoni. Tangu alipowekwa, mji ulikua, na siku za usoni zikajengewa choo cha umma. Kwa hiyo mgeni aliyebanwa hakuhitaji kumwuliza mtu njia. Wakaruka minyororo, Mkunga akayatukana maua ya miiba kwa majina ya viungo vya mwili, na Fundi akaisimamisha ngazi. Bi Pasi akavua viatu, akapanda wa kwanza. Ilimpasa. Fundi akamfuata, akakaa ukingoni mwa jiwe akihema, kisha akatia boksi la kwanza juu ya unyayo wa shaba.

Likaonekana kama stempu juu ya bahasha.

Kutoka chini, mtu akimtazama Mkombozi, alimwona wa kimo cha kawaida, kwa kuwa alikuwa mbali na juu. Hakuna hata mmoja wao aliyewaza kwamba sanamu huchongwa kubwa kuliko binadamu. Fundi, aliyeishi kwa kupima, alikuwa amebeba ngazi nusu ya mji kuja kumpima jitu kwa viatu vya harusi.

“Kuna nini huko?” Mkunga akauliza kutoka chini. “Mbona mmekuwa kama mmemkuta yuko hai?”

“Halienei,” akasema Bi Pasi. “Basi. Hata hapa hakuna jibu.”

“Ngoja, shemeji.” Fundi akajikuna shingo. “Ukubwa si kitu. Ukubwa hata mtoto anakua. Mguu ni mpangilio. Shuka chini, nipe boksi, na Mkunga amulike vizuri.”

Akateremka, akarudi nyuma hatua tatu, mpaka mteremko wa jiwe ukaionyesha miguu yote, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono ulioshika boksi. Akalivuta karibu na jicho, akalisogeza mbali, akalivuta tena, mpaka boksi likaufunika mguu wa shaba sawasawa, ukingo kwa ukingo, kama kivuli na mwenye kivuli. Akaanza na mguu wa kushoto.

“Kidole cha pili kimepita cha gumba,” akasema polepole. “Kisigino chembamba. Kiuno cha mguu kimeingia ndani. Boksi la mwanamke. Shemeji, njoo uone mwenyewe.”

Bi Pasi akafumba jicho, akaona. Mguu ulikuwa wake. Ulikuwa wake jinsi mtu anavyoijua sauti ya mwanawe akiwa chumba kingine. Akapiga kigelegele, kikazunguka uwanja mzima, kikamwamsha mlinzi.

Mlinzi alitokea upande wa choo akikimbia, rungu mkononi, mkanda haujafungwa.

“Nyinyi! Tokeni hapo! Mnaiba sanamu?”

“Kwa ngazi hii?” akauliza Fundi.

Mkunga akamwelekezea tochi usoni, akamkagua, kisha akalegeza sauti ikawa asali. “We mtoto we! Hunijui? Nimekuzalisha mimi. Ulitoka umefungwa kitovu shingoni, nikasema huyu atakuwa askari.”

Maneno hayo alimwambia kila mwanamume aliyekaribia kumtia matatani, na hayajapata kumwangusha, kwa kuwa hakuna anayekumbuka na wengi hupenda kuamini. Mlinzi akashusha rungu.

“Mama aliwahi kunieleza habari ya kitovu,” akasema kwa unyonge. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Funga mkanda.”

Fundi hakuwa akisikiliza. Alikwisha kuhamia mguu wa kulia, boksi la Bi Pasi mkononi, limepinduliwa, na alikuwa akilisogeza mbele na nyuma kama mtu anayejaribu ufunguo. Akalishusha. Akachukua la pili. Akafumba jicho.

“Shemeji,” akasema. “Huu sio wako.”

“Nini?”

“Mpana. Vidole vimetawanyika, na kile kidogo kimempanda jirani yake. Huyu nilimshonea jozi nane, kila jozi akaitoboa palepale.” Akampa boksi. “Huyu ni Plasta.”

Bi Pasi akatazama kwa muda mrefu. Mlinzi akasogea naye, akatazama, akajipiga kofi gotini.

“Kumbe! Mimi nakaa na huyu mzee miaka tisa. Siku zote namwambia mke wangu ana ugonjwa, mguu mmoja umevimba.”

“Na wengine wote hawakuona?” akauliza Mkunga.

“Nani anatazama miguu ya shujaa? Wanatazama mkono, wajue choo kiko wapi.”

Mkunga ndiye aliyelifumua fundo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhesabu siku. Siku nne mchongaji alijifunza na kumaliza mguu mmoja. Ya tano mwenye mguu hayupo, kamati inamhimiza, mkoroga plasta yupo anapiga soga. Nani angengoja homa ipoe? “Alichukua alichokipata,” akasema, “kama wanaume wote.”

Wakamngoja Bi Pasi acheke. Hakucheka. Alipanda tena ngazi, akakaa juu ya jiwe kando ya mguu wa kulia, na kwa upindo wa mtandio wake akaanza kuukwangua kinyesi cha ndege.

“Wa kwako ndio huo mwingine,” Fundi akamkumbusha kwa upole.

“Wangu naujua.” Akaendelea kusugua. “Siku ile hospitali, ya mwisho, alifumbua macho akasema, ‘Miguu ni yangu.’ Nami nikamwambia, ‘Lala, mwongo wewe.’ Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Nimekaa nalo miaka mitatu nikisema angalau lilikuwa la kweli.”

Mkunga akaegemea jiwe. “Na yeye alijibuje?”

“Alisema, ‘Mwongo mwenyewe.’”

“Alikosea?”

Bi Pasi akafikiri. Akatazama mguu wa kushoto, akatazama wa kulia. “Nusu.”

“Basi mmelipana. Shuka, shoga yangu, baridi ya jiwe hiyo itakuingia mahali ambapo mimi nimekwisha kustaafu kupatibu.”

Jumatatu mtafiti alifika saa nne kamili, msichana mwenye miwani na mkoba mzito. Akakiweka kinasa sauti juu ya meza, kwenye kitambaa kilichonyooshwa hata akaogopa kukikunja. Karani alikuwa amekwisha kuketi, amevaa koti la babake, mikono magotini, tayari kusimama. Bi Pasi hakumwambia chochote tangu Jumamosi. Mambo ya mahakama huyajua karani mwenyewe: shahidi hatayarishwi, na upande wa pili hauonyeshwi karata.

“Mama,” akasema mtafiti, “tueleze. Miguu ya sanamu ni ya nani?”

Karani akakaa ukingoni mwa kiti.

“Wa kushoto wangu,” akasema Bi Pasi. “Wa kulia wa baba yake huyu.”

Karani alikwisha kunyanyuka nusu kabla maneno hayajamfikia. Akabaki hivyo, si amekaa, si amesimama.

“Mama, unasemaje?”

“Nimekwenda kuangalia. Nilipanda na ngazi. Fundi Viatu ni shahidi, na Mkunga, na mlinzi wa serikali. Kila mtu ana mguu wake pale, ndiyo maana Mkombozi ana miaka thelathini tangu anyanyue hatua na hajafika popote.” Akamgeukia mwanawe, na sauti ikapungua. “Baba yako alisema kweli. Mimi nilimwita mwongo mpaka kitandani. Nimetaka uyasikie haya mbele ya mgeni, kwa sababu ulisema ungenikana mbele ya mgeni.”

Karani akaketi. Akavua koti, akalikunja juu ya magoti, vibaya, na mamake akalichukua, akalikunja upya.

“Umekula?” akamwuliza.

“Bado.”

“Utakula.”

Mtafiti akakohoa kidogo. Fomu yake, akaeleza, ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Angeweza kubana mawili. Je, aanze na la nani?

“La baba,” akasema karani, kisha akamtazama mamake kwa hofu.

“Lake kwanza,” Bi Pasi akakubali. “Hayupo wa kujipigania. Lakini kando yake uandike: siku moja. Na kando ya langu: siku nne.”

“Siku moja na nusu,” akasema karani. “Baba alisema alisimama mpaka asubuhi ya pili yake.”

“Baba yako alikuwa mwongo,” akasema Bi Pasi, na mtafiti, kalamu hewani, akauliza kama na hilo aliandike.